Kushuka kwa Gia

Wauguzi wa mikataba hapa Marekani tuko wa aina mbili: wanaopanga na wanaokokota. Mkataba wa kawaida ni wiki 13. Hospitali imepungukiwa watu, wakala anakupigia simu, unakwenda, unapiga zamu zako za saa 12, na wiki ya 13 ikiisha unaaga na kuanza kutafuta kwingine. Wanaopanga humwachia posho yao ya nyumba mwenye nyumba ambaye anajua fika kwamba wewe ni mpita njia na huna muda wa kuvutana bei. Wanaokokota hununua tela lenye kitanda, jiko, friji na choo, wakalifunga nyuma ya pikapu na kuhama nalo kama konokono. Mimi ni konokono, huu mwaka wa tatu.

Tela langu lina urefu wa futi 22, chini kidogo ya mita saba. Likiwa tupu lina kilo 2,200. Likishapakiwa nguo, sufuria, vitabu, maji, mfuko wa unga na mbuzi ya kukunia nazi niliyoibeba kutoka Kariakoo, linafika kilo 2,700 na ushee. Ninalivuta kwa Ford F-150 ya mwaka 2018. Nimelivuta Kansas na Nebraska, ambako nchi ni bapa kama chapati, na usipotazama kioo unaweza kusahau kwamba una nyumba mgongoni.

Julai iliyopita mkataba ulitokea Grand Junction, mji wa magharibi kabisa mwa Colorado, mimi nikiwa nimeegesha Aurora, pembeni mwa Denver. Kati ya hapa na pale kuna karibu kilomita 400 za barabara kuu ya I-70, na katikati ya kilomita hizo kuna Milima ya Rocky. Tena safari hii nilikuwa na abiria. Baba alikuwa amekuja kunitembelea kwa wiki sita.

Inabidi nimweleze Baba kidogo. Alianza kama utingo mwaka 1976, akakabidhiwa usukani mwaka 1981, na kwa miaka 33 iliyofuata aliendesha malori ya watu kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka kuingia Zambia. Alipeleka mbolea na kurudi na shaba. Nyumbani kwetu ni Ilula, mkoani Iringa, pale barabara inapokuwa imemaliza kupanda Kitonga. Kwa ambaye hajapita: ukitoka Dar unaikata Mikumi, unashuka kwenye bonde la mibuyu hadi Ruaha Mbuyuni, ambako abiria wananunua vitunguu kupitia madirisha ya basi, halafu barabara inajikunja na kuanza kuukwea mlima, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili. Lori lenye mzigo hupanda pale kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ndiyo maana utingo wa zamani alitembea kweli: alishuka na kigingi cha mti, akafuata gurudumu la nyuma, tayari kukichomeka lori likishindwa na kuanza kurudi.

Kaka zangu wawili walilipanda lile lori kila likizo. Walirudi na hadithi za Mbeya na Nakonde, na mmoja alirudi na kovu la kuungulia rejeta analojivunia mpaka leo. Mimi, nilipokuwa na miaka kumi, nilifunga begi langu la shule nikaketi barazani tangu alfajiri. Baba alinikuta pale, akalichukua begi, akalirudisha ndani. "Lori si mahali pa mtoto wa kike," alisema. Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Nimekaa na sentensi hiyo miaka 22, na sidanganyi nikisema kwamba nilipolinunua tela, nililinunua pia kwa sababu yake.

Naye hakulipenda tangu siku ya kwanza. Alilizunguka mara mbili, akagonga ubavu kwa vidole, akasikia jinsi linavyolia. "Konteina lenye mapazia," alisema. Kwake yeye mtu mzima ana kiwanja, ana msingi, ana mti alioupanda mwenyewe. Kiwanja changu kipo, alikipima yeye, kiko Ilula, na kila mwaka ananiuliza nitaanza lini. Binti yake anayewatibu Wamarekani kuishi ndani ya kitu chenye magurudumu kulimtia aibu fulani ambayo alikuwa mstaarabu mno kuitamka. Nami sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia, "Baba, Jumamosi tunahama. Utakaa mbele na mimi."

*

Kabla ya mlima, mizani.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wauzaji wa pikapu hawapendi kulitaja. Tangazo litakwambia gari hili linavuta kilo 5,000. Ni kweli, linavuta. Lakini fungua mlango wa dereva usome kibandiko: ndani yake na juu yake, watu na mizigo kwa pamoja, pikapu yangu inaruhusiwa kubeba kilo 700 tu. Na tela, hata kama linatembea kwa magurudumu yake, linalaza shingo yake juu ya pikapu. Shingo inatakiwa iwe na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, kwa sababu umerundika mizigo nyuma, tela huanza kutikisa mkia barabarani, na mkia ukishika kasi unaweza kuzungusha nyumba na gari pamoja. Kwa hiyo kilo 330 za shingo tayari zimekula karibu nusu ya zile 700. Ongeza mimi. Ongeza Baba, ambaye si mwembamba. Ongeza vyuma vya kiungio, vifaa, jenereta. Watu wengi wanaokwama milimani walisoma tangazo na hawakusoma mlango.

Nikampeleka kwenye kituo cha malori chenye mizani. Unapanda nayo yote, ekseli za mbele, za nyuma na za tela zikisimama kila moja kwenye bamba lake, unalipa dola chache, unapewa karatasi.

Baba alidhani nimekamatwa.

"Nani amekwambia uje hapa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Na unawalipa wao?"

Alicheka mpaka akavua kofia. Miaka 33 alikuwa akiiogopa mizani ya Makambako kama mtu anavyoogopa hukumu, na hapa binti yake anatoa pesa mfukoni ili apimwe. Lakini karatasi ilipotoka aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limebaki na kama tundu la ufunguo, na hiyo ndiyo iliyomtoa barabarani, si umri. Alisoma namba zote tatu, akajumlisha kichwani, akasema ekseli ya mbele imekuwa nyepesi mno. Alikuwa sahihi. Tulikaza vyuma vinavyogawa uzito wa shingo, tukahamishia dumu moja la maji mbele ya tela, tukapima tena. Mara ya pili alilipa yeye.

*

Marekani dereva hukaa kushoto. Kwa hiyo Baba, akiketi kwenye kiti cha abiria, alikuwa amekaa pale ambapo maisha yake yote kulikuwa na usukani. Tangu tunaondoka Denver miguu yake ilikuwa ikitafuta pedali. Kwenye kila kona mguu wa kulia ulikanyaga zulia, na wa kushoto ulikanyaga klachi ambayo gari langu halina hata upande wangu. "Gia inayojichagua yenyewe," alisema, "ni kama utingo anayejifanya dereva."

Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Ni juu kidogo ya Iringa mjini, kwa hiyo pale Baba hakusikia tofauti yoyote. Kitonga nzima inaishia chini ya mahali tulipoanzia. Kutoka hapo I-70 inapanda. Unapita Idaho Springs, mji wa wachimba dhahabu wa zamani, unafika Georgetown ambako kondoo wa porini wenye pembe zilizojikunja wanasimama kwenye miamba juu ya barabara (Baba akauliza, "Nyani wao ndio hawa?"), na baada ya Georgetown mlima unaacha utani. Malori yote yanahamia kulia na kuwasha taa za tahadhari. Nikahamia nao. Kilomita 60 kwa saa, halafu 55. Injini ikapanda hadi mizunguko elfu nne na ikabaki huko ikilia.

"Mwache aongee," Baba alisema. "Usimkanyagie zaidi. Tazama joto tu."

Huko juu hewa ni nyembamba, na injini isiyo na tabo hupoteza kama theluthi ya nguvu zake ikifika kwenye handaki. Yangu ina tabo mbili, kwa hiyo ilinung'unika tu. Sindano ya joto ilisogea upana wa kidole, ikasimama. Baba aliitazama kama mimi ninavyoitazama mashine ya mgonjwa, bila kupepesa, na nikatambua kwamba hiyo ndiyo sura yake ya kazini, ambayo sikuwahi kuiona. Kaka zangu waliiona. Mimi nilimfahamu tu yule mtu wa nyumbani, aliyelala siku nzima na kuamka kuuliza matokeo ya mtihani.

Handaki linaitwa Eisenhower. Njia ya kwenda magharibi ilifunguliwa mwaka 1973, ya kurudi mwaka 1979. Lina kilomita 2.7, na liko karibu mita 3,400 juu ya bahari: juu ya kituo cha Mandara cha Kilimanjaro, chini kidogo ya Horombo. Kichwani mwake ndipo maji ya bara hili yanapogawana, mvua ya upande mmoja ikienda Atlantiki na ya upande mwingine ikienda Pasifiki. Nilimweleza Baba haya yote nikidhani yatamfurahisha. Aliniuliza swali moja tu: "Mdomo wa kutokea una mteremko kiasi gani?"

*

Una mteremko mkali. Maili nane hivi hadi Silverthorne, asilimia sita na mahali pengine saba, na ndani ya maili hizo unapoteza mita 730 za urefu.

Watu huogopa kupanda kwa sababu kupanda kuna kelele. Lakini gari likishindwa kupanda linasimama, basi. Unapata aibu na foleni nyuma yako. Kushuka ndiko kunakoua. Mimi, pikapu, Baba na nyumba tulikuwa tani tano na nusu. Ukiacha kuhesabu upepo, nishati ya tani tano na nusu kushuka mita 730 inatosha kuchemsha karibu lita 120 za maji ya bomba. Joto hilo lazima liende mahali. Ukilipeleka lote kwenye breki, vitambaa vinawaka, vinapoteza mshiko, na pedali inazama chini ya mguu wako kama matope. Ukilipeleka kwenye injini, kwa kuiweka gia ndogo na kuiacha izuie, linatoka kupitia rejeta na moshi, na breki zako zinabaki baridi kwa ajili ya siku ya shida.

Nilipunguza mwendo tungali ndani ya handaki. Nikabonyeza kitufe chenye picha ya tela, nikashusha gia mpaka ya nne, na tulipotoka kwenye mwanga injini ikafoka na gari likajishika lenyewe. Kilomita 70 kwa saa. Likisogea hadi 80, nilikanyaga breki mara moja, kwa nguvu, hadi 60, nikaachia kabisa. Halafu tena. Watu wa magari madogo walinipita kana kwamba nimeegesha.

Baba hakusema kitu. Mguu wake wa kulia, niliona kwa pembe ya jicho, haukuwa unakanyaga zulia tena.

Karibu na chini aliinua kichwa. "Breki," alisema. Mimi sikuona lolote. Kona iliyofuata, lori lilikuwa limesimama pembeni, moshi wa bluu ukitoka magurudumu ya nyuma, dereva akiwa amechuchumaa umbali wa hatua kumi akilitazama. "Za tela lake, si za kichwa," Baba akaongeza tulipopita. Jicho moja na nusu, dirisha limefunguliwa kiganja kimoja, na alikuwa ameshajua.

Tulikuwa tumepita pia njia ya kuokolea malori. Ziko mbili kwenye mteremko huo: kipande cha barabara kinachochepuka na kupanda kilima, kimejazwa kokoto nene, ili lori lililopoteza breki lizame na kusimama. Baba aligeuza shingo kuifuata mpaka ikapotea. "Sisi hatukuwa na hiyo," alisema. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuipita bila kuitumia.

Nikamwambia habari za mwaka 2019, kwa sababu hapa Colorado kila anayekokota anazijua. Ilikuwa barabara hii hii, upande wa kurudi, pale I-70 inapomwagika kutoka milimani kuingia Denver, ambako wameweka mabango yanayowaonya madereva wa malori wasidanganyike, mteremko bado haujaisha. Dereva kijana, mhamiaji kutoka Cuba, amebeba mbao. Breki zikaisha. Njia ya kokoto ilikuwepo, akaipita. Chini kulikuwa na foleni. Watu wanne walikufa. Mwaka 2021 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 110, mamilioni ya watu wakatia saini kumwombea, na kabla mwaka haujaisha gavana akaipunguza hadi miaka kumi.

"Alikuwa na umri gani?"

"Siku ya ajali, ishirini na tatu."

Baba alirudia ile namba kwa sauti ndogo, ishirini na tatu, na hakusema tena mpaka Vail Pass.

*

Vail Pass ni mlima wa pili, mita 3,250, na juu yake kuna mahali pa kupumzikia. Nilisimama ili injini ipoe na sisi tule. Nilikuwa nimefunga chapati na maharage. Baba kwanza alizunguka gari, akapitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa, akarudi ametikisa kichwa kuonyesha kwamba yote ni vuguvugu. Tukaketi ngazini mwa tela.

Alianza kusimulia kama vile tulikuwa katikati ya mazungumzo. Kulikuwa na rafiki yake, waliingia kazini mwaka mmoja. Mwaka 1998 Baba alikuwa akipanda Kitonga na mbolea, gia ya pili, utingo nyuma na kigingi, akasikia honi inashuka. Si honi ya kupigwa na kuachiwa. Honi moja tu, ndefu, inakaribia. Akalibana lori kwenye mwamba. Rafiki yake akampita, na Baba anasema walitazamana, ingawa kwa kasi ile sidhani kama inawezekana. Kisha honi ikaendelea kwa kitambo bila barabara chini yake.

"Alikuwa ameshuka nyutro," Baba alisema.

Kwa asiyejua: nyutro ni kuitoa gari kwenye gia na kuiacha iteremke yenyewe. Injini inabaki ikinguruma taratibu, na dereva anaamini kwamba dizeli inabaki kwenye tangi. Ukitaka kuirudisha gia katikati ya mteremko, kwa malori yale, haiingii. Kasi imeshapita uwezo wake. Umebaki na breki peke yake, na zile lita 120 za maji yanayochemka, mara saba au nane.

Nikauliza kwa nini mtu mwenye akili afanye hivyo.

Alinitazama kama mtoto. Kampuni, alisema, ilikuwa inatoa mafuta kwa hesabu. Lita kadhaa kwenda, lita kadhaa kurudi. Zikipungua unakatwa mshahara. Zikibaki, ni zako, hakuna anayeuliza. Unazinyonya kwenye madumu, kuna wanunuzi njia nzima. "Mshahara ulikuwa wa kula. Ada ilikuwa kwenye madumu."

"Ada ya nani?"

"Kaka zako walisoma shule ya kata. Nani alikwenda bweni?"

Upepo wa pale juu ni baridi hata Julai. Nilishika bakuli la maharage nikiwa sijui niliweke wapi. Nilikwenda bweni mwaka 2006, kidato cha kwanza, nikatoka kidato cha sita mwaka 2012. Yaani miaka minane baada ya ile honi, Baba alianza kufanya kilekile kilichomuua rafiki yake, mlima uleule, kwa miaka sita.

"Kaka zako niliwabeba kwa sababu nilitaka wajue kazi na waione tabu yake," alisema. "Wewe ungekaa pale mbele, ungeona. Ulikuwa mtoto wa kuuliza maswali. Ungeniuliza, Baba mbona umetoa gia? Ningekujibu nini?"

Akamalizia chapati yake, akafuta vidole, akasema tushuke jua lingali juu.

*

Kuna jambo sikumwambia, na sijamwambia mpaka leo ninapoandika.

Nilipoanza kukokota nilisoma kila kitu nilichopata kuhusu injini na mteremko, kwa sababu niliogopa. Na jambo moja nililojifunza ni hili: injini ya dizeli ikiwa ndani ya gia, mguu ukiwa umeachia mafuta, gari likisukumwa na mlima, pampu haipeleki mafuta hata tone. Hata pampu zile za zamani za kimakanika. Governa yake inafunga yenyewe mizunguko ikiwa juu ya ile ya kusimama. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Lakini ukiitoa gia, injini inabaki peke yake, na ili isizimike inabidi inywe. Kidogo, lakini inanywa.

Maana yake ni kwamba kwenye mteremko mkali kama wa Kitonga, nyutro haikumbakishia Baba dizeli. Ilimpunguzia. Kwenye miinuko ya polepole, ile ya kutoka Makambako kuja Mafinga kwa mfano, hapo kweli lori huru husafiri mbali zaidi, na akiba inapatikana. Tena Baba alikuwa dereva mpole wa mguu, na nadhani madumu yale yalijaa kwa sababu ya upole huo, kilomita kwa kilomita, kwenye tambarare za Usangu na Mikumi ambako hakuna aliyekuwa hatarini. Ila yeye anaamini ni Kitonga. Anaamini kila muhula wangu alikwenda ukingoni akarudi na ada.

Niliwaza kumwambia. Mimi ni muuguzi, nimefundishwa kwamba mgonjwa ana haki ya kujua. Lakini tuliteremka Vail Pass, asilimia saba, gia ya nne, injini ikifoka, njia za kokoto zikipita kuliani, na kila nilipofungua mdomo niliona mkono wake umelala gotini, wazi, umetulia kabisa. Nikashika usukani.

Baada ya Vail safari ni nyepesi, na sina mengi ya kusema. Barabara inafuata mto, inaingia korongo la Glenwood, kuta za mwamba pande zote na njia zimejengwa moja juu ya nyingine kwa nguzo kando ya mto Colorado. Baba alisema wahandisi wa hapo walistahili kula vizuri. Kisha milima inakauka, inakuwa ya rangi ya matofali, joto linarudi, na unafika Grand Junction, mita 1,400, karibu sawa na Ilula. Alishuka garini akanusa hewa. "Hapa angalau kuna vumbi," alisema, na nilijua ni sifa.

Nilirudisha tela kinyumenyume kwenye nafasi yetu, jambo ambalo hushinda watu wengi kuliko mlima wowote. Baba alisimama nyuma akinielekeza kwa mikono, ishara za utingo, kiganja kimoja wazi, ngumi ya kusimama. Niliingiza mara moja. Nikatoa vile vizuizi vya plastiki vya njano nikaviweka kwenye magurudumu. Yeye akavitazama, akaenda pembeni, akarudi na jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akalisukuma kwa kisigino mpaka likashika.

"Imekula ngapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. "Lita 98."

"Kwa kilomita mia nne? Na konteina hili moja?" Alitikisa kichwa, akaketi ngazini kuvua viatu. "Ungeniachia mimi ile milima miwili," alisema, "ningekubakizia dumu."

Nikamwambia najua, Baba. Nikaingia ndani kuwasha jiko.